Mbwa Aliyepandishwa Ndege kwa Jani

Mbwa wa bibi yangu hakuwa na sura ya kupanda ndege. Alikuwa na ukubwa wa sungura aliyenyimwa chakula, sikio moja limesimama na jingine limelala kama limechoka kusikiliza. Kuhusu rangi yake hatukuwahi kukubaliana. Mama alisema ni kahawia, mimi nilisema ni rangi ya tambara la kudekia. Babu ndiye aliyemwokota kwenye migomba akiwa bado ana nguvu za kutembea, na babu alipofariki mbwa akarithi kiti chake. Simaanishi kwa mfano. Kiti kile cha mbao kilikuwa barazani, kule Kilema, juu mlimani, na mgeni yeyote aliyetaka kukikalia aliambiwa na bibi, "Hapo pana mtu."

Miguu ya bibi ilipoanza kuvimba, mjomba, mtoto wake wa kiume pekee, akaamua ahamie kwake Dar. Alitangaza siku ya Krismasi, ukoo mzima umepanda kutoka kote tulikotawanyika, mbuzi ameshachinjwa na kila mtu ana mfupa mkononi. Mjomba ana akili. Uamuzi ukitolewa wakati midomo imejaa, hakuna wa kuupinga.

Bibi alimaliza kutafuna kwanza. "Nitakuja," akasema. "Nitakuja na mbwa."

Watu wakacheka. Mjomba naye akacheka, kicheko cha mtu aliyeshiba. "Mama, hata ukitaka kuja na ng'ombe, njoo naye. Huyo mbwa nitamkatia nafasi kwenye ndege mimi mwenyewe."

Ukoo wote ulisikia. Wengine mbege ilikuwa imeshawapanda kichwani, lakini walisikia.

Mimi naishi na mama yangu huku chini Moshi, mtaa wa Shirimatunda, na nasoma kidato cha tatu, kwa maana ya kwamba jina langu linaitwa darasani. Nikachaguliwa kuongozana na mjomba kumsindikiza bibi mpaka Dar na kukaa naye hadi shule zifunguliwe. Nilikuwa sijawahi kupanda ndege. Wangeniambia nimsindikize fisi, ningemshika mkono.

Mbwa akapelekwa kwa daktari wa mifugo, akachomwa sindano, akapewa cheti. Bibi alikikunja vizuri akakiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisani.

"Bibi, sasa huyu naye ana cheti," nikamwambia.

"Tena amekuzidi. Chako kilikuja na wito wa mzazi."

Begi la kumbebea tulilipata kwenye mitumba ya Pasua, begi la neti wanalobebea paka wa Ulaya. Asubuhi ya safari, teksi inapiga honi barabarani, bibi akazunguka nyuma ya nyumba kwenye kaburi la babu. Pale pamezungushiwa masale, yale majani marefu ya kijani tunayopanda makaburini na kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya ukoo. Akarudi na jani moja, akalilaza ndani ya begi, mbwa akalala juu yake.

"Bibi, Dar mboga zipo," nikasema.

Akafunga zipu. Nilidhani hajasikia.

Ndege yetu ilikuwa ndogo, zile ambazo kabla ya kupanda wanapima mizigo na wanakupima na wewe. Dada wa kaunta, ambaye kwa lafudhi yake alikuwa mtu wa Pwani, akamwonyesha bibi mzani.

"Bibi, panda hapo."

"Mimi siuzwi."

Mstari mzima ukacheka. Mjomba akanong'ona kwa meno, "Mama, panda. Watu wanasubiri." Bibi akapanda, amejifunga kitenge chake cha kanisani, amekamata mkoba kifuani kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Dada akausoma uzito wake kwa sauti, na mwanaume mmoja nyuma yetu akasema, "Hizo ni ndizi za mlimani." Nami nikacheka. Kisha nikapimwa mimi, ukasomwa wangu, na yule mwanaume akasema, "Na hizi ni chipsi." Nikaacha kucheka.

Ikafika zamu ya mbwa. Dada akaangalia kompyuta, akamwangalia mbwa, akaangalia tena kompyuta.

"Huyu hajakatiwa nafasi."

Mjomba alikuwa anasoma simu yake, na simu ilikuwa imezima. "Ah. Nilidhani wanapanda tu na mtu wao," akasema.

Mjomba wangu ni mtu anayeomba risiti ya maandazi. Huyo hadhani kitu. Nilimtazama bibi nikaona naye ameelewa, na kwamba hakuelewa pale. Alielewa tangu Krismasi.

"Kumchukua tunamchukua," dada akasema. "Cheti anacho, begi liko sawa. Shida ni uzito, ndege imejaa. Labda mpunguze kitu."

Sote tukaliangalia boksi la mjomba. Lilikuwa limefungwa kamba ya katani, na ndani yake mlikuwa na paja la mbuzi, parachichi na ndizi mshare, vyote vya bosi wake wa Dar. Damu ya mbuzi ilikuwa imeanza kulowesha kona moja.

"Hilo haliguswi," mjomba akasema. "Mzigo umezidi uzito, basi mbwa abaki. Si ndivyo sheria inavyosema?"

"Sheria haichagui cha kubaki, kaka. Unachagua wewe."

Mjomba akanigeukia. "Au abaki huyu."

Nikasogea nyuma ya bibi nikavuta pumzi ndani, nionekane mwepesi.

Hapo mjomba akabadilisha sauti, akaleta ile anayotumia kwa wagonjwa na kwa watoto wa watu wengine. "Mama, sikiliza. Mbwa atarudi na teksi, jirani atamtupia chakula. Kule nitakununulia mwingine, mzuri, wa manyoya."

"Na wewe nikununulie mama mwingine, wa manyoya?"

Mstari ukacheka tena, safari hii kwa mjomba, na hapo ndipo alipokasirika. "Mama, huyu ni mbwa tu. Hata jina hana."

Kweli hakuwa na jina. Babu alikuwa anamwita "wewe", na anakuja.

Bibi akainama, akafungua zipu. Akalivuta lile jani kutoka chini ya mbwa, limelowa kidogo na sikuuliza kwa nini. Akalifunga fundo katikati, akalishika kwa mikono miwili, akamnyooshea mwanawe.

Kama wewe si wa kwetu, ngoja nikueleze, maana dada wa kaunta naye ilibidi aelezwe. Hilo jani ni isale. Aliyekosa hulifunga fundo akampelekea aliyemkosea, na mwenye ombi zito vilevile, na akishalileta, hukatai. Mtu anaweza kuwa ameua ndugu yako. Ukikataa isale, lawama inahama kwake inakuja kwako, na inakaa. Lakini mtoto ndiye anayempelekea mzazi. Mimi sijawahi kuona wala kusikia mzazi anampelekea mtoto. Ni kama kumvua nguo mtu mzima mbele za watu, na mpaka leo sijui pale aliyevuliwa alikuwa nani.

Mzee wa mashine ya kukagua mizigo akavua kofia. Yule mwanaume wa ndizi na chipsi akaangalia viatu vyake.

"Bibi, kama ni mboga iweke tu kwenye..." dada akaanza.

"Nyamaza, binti," mzee akamwambia.

Mjomba alisimama mikono imekaa kama ya kuazima. Jasho lilimtoka kwenye upara likashuka mpaka kwenye kola. Akalipokea jani kwa vidole viwili, akalitia mfukoni mwa shati.

"Shusheni boksi," akasema.

Boksi likabaki kwa yule mzee wa mashine, na nadhani wajukuu zake walikula vizuri jioni ile.

Angani bibi alishikilia begi magotini hadi alipoambiwa aliweke chini. Akachungulia dirishani, mlima umejitokeza juu ya mawingu. "Kumbe kwa juu una upara," akasema. "Kama wa huyu." Mjomba alikuwa kiti cha mbele na alisikia. Hewa ilipoanza kutikisa ndege, mbwa akatapika, matapishi yakapita kwenye neti yakateremka taratibu mpaka kwenye kiatu cha mjomba. Ulikuwa mtori, supu yetu ya ndizi. Nilijua kwa sababu na mimi nilikunywa uleule asubuhi.

Dar, anti, mke wa mjomba, alitupokea mlangoni akafunika pua. "Ndiye huyu aliyekula boksi la bosi?" Mbwa akapelekwa getini kwa mlinzi, maana ndani kuna marumaru. Kesho yake bibi akabeba kiti cha plastiki akaenda kukaa getini naye. Na kesho kutwa yake. Joto la Dar na miguu ile, bibi akawa amevimba kama mkate wa kumimina, lakini hakutoka. Majirani wakaanza kumuuliza anti kama wameajiri mlinzi mwanamke, tena mzee, na kama analipwa vizuri. Bibi akiulizwa anajibu, "Bado sijalipwa."

Mjomba alivumilia wiki ya kwanza. Kisha asubuhi moja kiti kilikuwepo, mbwa hakuwepo, na mlinzi alikuwa mpya.

Tulikuwa mezani. "Mbwa yuko wapi?" bibi akauliza.

"Nimempa mlinzi, ameenda naye kwao Mkuranga. Kuna shamba kubwa, atafurahi."

"Ulipokea isale."

Mjomba alikuwa anapaka siagi kwenye mkate, akaipaka mpaka pembeni, hakuacha kona. "Nilipokea la kupanda ndege, mama. Si amepanda? Sijavunja kitu. Isale halikusema atakaa."

Mimi nina jibu la kila kitu, hata mwalimu wa nidhamu anajua. Pale nikajimiminia chai. Na kibaya zaidi, hoja yake ilikuwa imenyooka.

Bibi akanawa mikono, akaenda chumbani.

Kesho yake mjomba akatoka na tai yake. "Shikamoo, mama."

Bibi alikuwa anaangalia televisheni. Aliendelea kuiangalia.

"Mama, shikamoo."

Televisheni ilikuwa inatangaza sabuni. Dada wa kazi akapita na ndoo, akasema shikamoo bibi, bibi akamgeukia uso wote, "Marahaba mwanangu, umeamkaje, mgongo bado unauma?" Kijana wa maji akapata marahaba yake. Mtoto wa jirani aliyekuja kuokota mpira akapata mbili.

Ikawa hivyo kila siku. Mjomba alisalimia kwa sauti, akasalimia kwa kuinama, akatoka nje akaingia upya kama mgeni. Siku moja akaja yule bosi nyumbani na watu wa ofisini. Mjomba akajitutumua mbele yao, "Shikamoo, mama." Bibi akanyoosha kitenge chake magotini. Bosi akajaribu kumwokoa, akasalimia yeye.

"Marahaba baba, karibu sana," bibi akasema. "Pole, nyama yako ilibaki uwanja wa ndege."

Nilitoka nikacheka jikoni mpaka nikakaa sakafuni. Niliporudi sebuleni nikauona uso wa mjomba, nikarudi jikoni, na safari hii kicheko hakikuja.

Shule zikafunguliwa nikarudi Moshi. Haukupita muda mrefu, mjomba akanipigia simu mimi, si mama. Alikuwa ameenda mpaka Mkuranga kumfuata mbwa. Mbwa aligongwa na bodaboda siku chache tu baada ya kufika. Mlinzi alisema alikuwa amekaa katikati ya barabara, anaitwa haji, maana hawakujua anaitwaje. Mjomba akampitia muuza maua wa barabarani, akanunua isale zima ndani ya chungu, lenye mistari myeupe, akampigia bibi magoti nalo, anti anaangalia.

"Akasemaje?" nikauliza.

"Akasema niliweke barazani lipate jua. Eti hayo ni maua." Akapumua. "Sasa wewe panda Kilema, chuma jani pale kwa babu, ulitume kwa basi. Nitalipokea stendi ya Magufuli mwenyewe."

Nikakaa kimya kwanza, nikaonja anachoonja bibi. Ni kitamu. Kisha nikasema, "Mjomba, mzigo huo si utazidi uzito?"

Hakucheka, na hakunitukana pia. "Nisaidie," akasema. "Nyumbani kwangu sisalimiwi."

Jumamosi nikapanda Kilema. Kwenye kiti cha babu jirani alikuwa ameanika maharage. Niliyatoa yote nikayamwaga kwenye turubai lake, sijui kwa nini. Nikaenda kaburini, nikashika jani, na kabla sijalivuta nikampigia bibi. Nikamwambia niko wapi na nimetumwa nini.

"Liache," akasema. "Isale halipandi basi. Anayelitaka aje alichume kwa mkono wake, aanze kwa baba yake, ndipo aje kwangu."

Nikampelekea mjomba ujumbe huo neno kwa neno. Akasema kazini hawatampa ruhusa mpaka Desemba, akaniomba nimuulize bibi kama Desemba itafaa. Nikampigia tena bibi. Nyuma yake nikaisikia sauti ya mwanaume ikisema shikamoo, mama, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua imehamwa.

Bibi akangoja sauti iishe.

"Mwambie asiharakishe," akaniambia. "Mimi nina muda."