Mama wa Maji Lamboni

Wenzangu, aibu hii nikiificha itanikaba. Katika hija yetu ya miguu kutoka Musoma kwenda Bunda, mimi ndiye niliyekabidhiwa maji ya kunywa. Njia nzima niliwafokea watu: "Asinywe mtu maji ambayo sijachemsha!" Walivumilia dumu langu, ingawa maji yake yalinuka moshi.

Tulipopita njia panda ya Butiama, jua likanilewesha. Raba zangu za mitumba zikawa kama zinatembea zenyewe, na nyimbo za wenzangu zikafifia mbele. Ndipo nikaliona lambo la kunyweshea ng'ombe, limetulia, limejaa mawingu. Nikatua dumu, nikapiga magoti, nikafumba macho, nikanywa. Matamu! Nikajiona mtoto tena, nachunga ng'ombe wa baba.

Nilipofumbua macho, ng'ombe mwekundu alikuwa anakunywa mbele yangu, pua kwa pua. Na mle majini, katikati ya mawingu, niliona sura za mahujaji wote. Kiu ilikuwa imewarudisha kunitafuta, vikombe mkononi.

Mzee Magesa, niliyemnyang'anya kikombe cha maji ya mto asubuhi ile, akauliza kwa upole:

"Mama Bhoke, haya ya lambo unayachemshaga saa ngapi?"