Kona ya Mwisho ya Blanketi

Jirani yangu hapa Pito hashiki rula. Kila pembetatu ya pindo huilaza kiganjani, akaikunja, akaacha upana wa kidole uliwe na mshono, maana asipouacha, ncha hupotea. Jana blanketi lake la viraka lilibakiza pembetatu moja ya kona, na mjukuu wake mchanga anatoka hospitali leo, kwenye baridi hii. Kitambaa kilichobaki kilikuwa khanga ya kampeni, yenye uso wa diwani aliyetuahidi zahanati akatuletea khanga.

“Dada, kweli unamkata mheshimiwa?” aliuliza mdogo wake, Gaudiosa.

Mkasi ulikuwa umeshafika shingoni. “Mdomo utaingia kwenye mshono,” alisema taratibu, akilamba uzi. “Macho nayaacha nje, aione baridi yetu.”