Chumba cha Umeme Usiokatika

Dada yangu hakuogopa kufa, aliogopa msumeno. Moyo wake ulikuwa umelegea tangu ajifungue mtoto wa mwisho. Alikuwa amesikia kwamba pampu ya moyo huwekwa kwa kupasua mfupa wa kifua, na jibu lake lilikuwa hapana. Kwa hiyo daktari wetu alipotueleza kwamba hospitali moja India siku hizi inapita katikati ya mbavu, tundu moja chini ya titi la kushoto na jingine dogo juu upande wa kulia, mfupa usiguswe, nililia mbele za watu. Njia hiyo, alisema, haiuchoshi sana upande wa kulia wa moyo, ambao kwake ulikuwa bado unajikaza. Pampu ingeubeba wa kushoto tu.

Shirika moja la huko lilikubali kulipia kila kitu kwa sharti moja. Pampu ina waya unaotokea tumboni kwenda kwenye betri, na betri lazima zichajiwe kila siku. Jenereta na sola hawakuzitaka, walitaka umeme wa ukutani ulio wa kuaminika. Kabla ya kutupa tarehe, daktari wa India angekikagua chumba atakachoishi dada kwa simu ya video, mgonjwa akiwa ndani.

Dada alikuwa akiishi Namuwongo, mtaa wa Kampala ulio karibu na reli, ambako umeme huja ukijisikia. Hasira niliyokuwa nayo sijui niieleze vipi. Watu wamejua kuufikia moyo bila kuvunja mfupa, halafu dada yangu afe kwa ajili ya soketi!

Kampala kila mtu anaijua laini ya umeme isiyokatwa: ni ile yenye hospitali, kambi au nyumba ya mkubwa fulani. Sisi ni watoto wa polisi, tulikulia kambini, lakini baba alipostaafu tulifungasha vyetu tukatoka. Nikaanza kuzunguka Wandegeya, jirani na hospitali kuu na chuo, nikichungulia maduka yanayowachapishia wanafunzi kazi zao. Penye jenereta kibarazani sikusimama. Hatimaye nikapata duka lisilo na jenereta, mashine zikinguruma tu, na juu yake vyumba vya kupanga. Mama mwenye nyumba aliuliza mgonjwa anaumwa nini. Nikasema moyo. Akauliza kama atafia humo, nikamjibu kwamba anahamia hapo ili asife. Kilichokuwa wazi kilikuwa ghorofa ya juu kabisa. Nilikichukua. Ningechukua hata paa.

Lakini kutafuta kulikuwa kumekula majuma, na dada alikuwa amevimba miguu, analala ameketi. Siku ya kukaguliwa nilimbeba mgongoni ngazi zote, wanafunzi wakitupisha. Nilihisi moyo wake ukipiga ovyo mgongoni mwangu. Nikawa namwomba Mungu kwa sauti, bila aibu, usisimame kabla hatujafika mlangoni.

Daktari alitokea kwenye simu, mtu mpole. Nilimwonyesha soketi, taa, feni inayozunguka, hata birika la umeme nililolinunua jana yake. Hakuvitazama sana. Aliniomba nimwonyeshe miguu ya dada, kisha shingo yake, ambako mshipa ulikuwa umetuna. Vipimo vipya alikuwa ameshatumiwa na daktari wetu. Akasema upande wa kulia nao umechoka. Pampu ya kushoto haiwezi kuusaidia, na tundu hata liwe dogo namna gani, moyo huu hautavuka upasuaji. Miezi michache nyuma, labda. Akasema samahani.

Nilimfokea. Nilimwambia umeme upo, aangalie tena, nikaisogeza simu karibu kabisa na soketi kana kwamba haoni. Dada akaichukua simu mkononi mwangu, akamshukuru yule mtu kwa adabu, akaikata.

Alikaa kitandani akitazama feni mpaka pumzi ilipomrudia.

"Umeme iko kweli," akasema. "Umefanya kazi, mdogo wangu. Sasa weka maji tukunywe chai, halafu unishushe niende kwa watoto."

Niliweka maji. Yalichemka upesi kuliko nilivyotaka.