Beseni Chini ya Meza ya Wakwe

Ninyi vijana munaosoma hii, chekeni mumalize haraka, maana aibu yenyewe niliitafuta kwa mikono yangu, na jembe juu yake.

Siku hiyo wakwe walitoka Salamabila kwa pikipiki, wanakuja hapa Kasongo kumuposa mujukuu wangu Zaina, na nyuma ya nyumba tulikuwa tumekamua mawese, kwa hiyo nzi walijaa kama wao ndio walioalikwa. Nikakumbuka bwawa tunapoloweka mihogo: kando yake kunaota kajani kekundu, kadogo, kamelala chini, kenye manyoya na matone ya kunata kama umande usiokauka hata mchana, na kadudu kakitua hapo hakaondoki tena (utotoni tulikuwa tunakaa kukatazama kanavyokala polepole). Nikasema, wafanyakazi ndio hawa. Nikachimba beseni nzima pamoja na matope yake, nikaificha chini ya meza wakwe wasione uchafu.

Nzi wakapita juu wakaenda kwa bugali. Kilichonaswa ni kidole cha shangazi ya bwana harusi, aliyevua viatu apumzishe miguu.

Akainama, akatazama. "Mama, hii iko nini?"

"Ya kukamata nzi."

"Nzi iko huku juu. Huku chini kuko miguu ya mutoto wetu."

Bwana harusi akapandisha miguu kwenye kiti. Kwetu kila muke anajua ile dawa ya kumufunga mwanaume asitoke nyumbani, na mimi nimeweka kitu chekundu kinachonata chini yake. Nikajitetea, ndipo nikaharibu kabisa: "Hakashiki mutu, kanashika tu vile vyembamba visivyo na nguvu." Wote wakamutazama bwana harusi, na kijana kweli iko mwembamba. Vitenge vya posa walivyoleta vikaanza kukunjwa.

Shangazi akasukuma beseni kwangu. "Kama haishiki mutu, tia miguu yako wewe, bibi, mpaka tumalize kula."

Nikatia. Mimi ninayewafokea watoto wasioosha miguu, nikala mbele ya wakwe matope yakinifika vifundoni, na shangazi akajiongezea sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, tena makusudi, akitafuna pole pole. Halafu akasema, "Simama, tuone kama kweli haishiki." Nikasimama, nikatembea mpaka mulangoni nikichora nyayo, nikarudi. Akacheka mpaka kitambaa kikamuanguka kichwani, akavikunjua vitenge. Leo Zaina iko kwake Salamabila, lakini huko mimi jina langu ni Bibi Matope.

Jioni ile nikawaita wote wa nyumba yangu: kutoka bwawani uingie muhogo peke yake, na nzi, kila mutu amufukuze kwa mukono wake.