Mayai ya Droni kwenye Chungu cha Kogo

Mimi na mwenzangu wa kazi tulikuwa tukipiga picha za harusi kuanzia Silibwet mpaka Chepseon. Tuliponunua droni ya mtumba, kila mtu alitaka kuonekana kutoka juu, hata wenye vipara. Mwenzangu alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha chai, wazazi wake wakiwa wametoka upande wa ziwa, na alifanya mzaha na kila kitu isipokuwa betri. Aliwahi kuchaji moja juu ya godoro, akaenda kuoga, akarudi akakuta hana godoro.

"Hii si betri ya simu," aliniambia. "Hii ukiikosea, inakulipulia nyumba nzima."

Alinifundisha kama mwalimu wa katekisimu. Chaja iwe ya kusawazisha seli, vile vijibetri vya ndani, na ule waya mdogo mweupe usisahau kuuchomeka. Hesabu seli mara mbili kabla ya kubonyeza. Betri ya ampea-saa mbili ichajiwe kwa ampea mbili, usiongeze kwa sababu una haraka. Ikitoka kuruka, iache ipoe kwanza. Iliyoanguka au kuvimba haichajiwi kabisa. Na ukishawasha, hutoki hapo.

Mfuko maalumu usioshika moto hatukuwa nao. Nikachukua chungu cha nyanya yangu, tunayemwita kogo, ambaye nilikuwa nikiishi kwake. Kilikuwa kimebanduka ukingo na hakuwa akikipikia tena. Nikatia mchanga mkavu hadi nusu, nikakiweka kwenye veranda ya simiti, mbali na mapazia na kuni, kifuniko kikiwa kimeegeshwa tu ili moshi ukitokea upate njia.

Kogo alikitazama, akautazama waya unaotoka ndani.

"Unafanya nini na chungu changu?"

Ningeweza kumweleza. Lakini asubuhi ile nilikuwa na ujinga mwingi. "Naangua mayai ya droni, kogo."

Alitikisa kichwa polepole. "Yanachukua siku ngapi?"

"Saa moja tu."

"Ya kuku ni siku ishirini na moja," alisema, akaenda zake kukamua ng'ombe. Tangu hapo kila nikichaji alipita kuniuliza vifaranga vimefika wapi, na mimi nilimjibu kwa uso mkavu. Nilimsimulia mwenzangu, tukamcheka mpaka machozi.

Siku mbili kabla ya koito, ile sherehe ya uchumba, ya msichana mmoja wa jirani, nilikwenda peke yangu kujaribu droni. Upepo ukaisukuma kwenye mkaratusi, ikashuka tawi kwa tawi mpaka kwenye majani chai. Droni yenyewe ilipona. Betri ilikuwa na mbonyeo pembeni, mdogo, wa kusameheka. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Tulikuwa na tatu tu, na mwenzangu angeitupa hiyo mara moja, kwa hiyo sikumwambia. Nikaitia chunguni, nikawasha chaja, nikakaa kando yake kama mtu mwaminifu.

Nilikaa dakika kumi. Kisha shangazi wa bibi harusi akaniita kutoka kwenye ua. Alikuwa na habari ya upande wa bwana harusi, habari yenye mbuzi, mjomba mlevi na viatu vya kuazima. Sikuweza kuiacha katikati.

Niliporudi, kifuniko kilikuwa pale pale. Nikainua. Juu ya mchanga kulikuwa na mayai mawili ya kuku, meupe, yenye joto.

Sikucheka. Nilichungulia chini ya meza yenye chaja, nikavuta waya, nikakuta swichi ya ukutani imezimwa. Nikageuka, nikamwona kogo amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Yameanguliwa?" aliuliza.

"Kogo, betri iko wapi?"

Alinionyesha kwa kidevu. Katikati ya uwanja, mbali na nyumba na zizi, palikuwa na ndoo ya chuma iliyojaa mchanga, na juu ya mchanga alama ya koleo la samadi.

"Nilisikia harufu tamu, kama ya rangi ya kucha," alisema. "Nikafungua. Hiyo petri yako ilikuwa imevimba tumbo kama ndama aliyekula majani mabichi. Nikazima ukutani. Sikuishika na mkono."

"Nani alikufundisha?"

"Wewe na yule mwenzako. Mnaongea kwa sauti kubwa kwenye veranda yangu, mnafikiri mzee hana masikio." Akaniangalia vizuri. "Hata kuku wangu yule mjinga hatoki kwa mayai aende kusengenya kwa ua."

Nikakaa kwenye ngazi. Juu ya veranda ile kulikuwa na paa la mbao, na chini ya paa lile chumba alichokuwa akilala.

Alasiri mwenzangu alikuja kuchukua vifaa. Nilikuwa bado natafuta maneno, kogo akanitangulia.

"Moja imetoka viza," alimwambia, akionyesha ndoo.

Ikabidi niseme yote: mkaratusi, mbonyeo, mjomba mlevi. Mwenzangu hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniuma. Ndoo tuliiacha pale uwanjani mpaka kesho yake, kisha akampelekea ile betri fundi wa Kericho anayekusanya mbovu. Tuliporudi kazini aliniandikisha tarehe na hali ya kila betri kwenye karatasi ya gundi, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Koito tuliipiga picha kwa betri mbili. Droni iliruka mara mbili, ikatua, na mjomba mlevi akaingia kucheza wakati tayari iko kwenye begi. Wenyeji walinung'unika kidogo. Kogo, aliyekaa safu ya mbele na kitambaa kipya, aliwaambia watulie, akinionyesha kwa kidevu: msichana huyu anajifunza.