Vidole vya Weris

Weris Billow wa Galbet, mjini Garissa, hakuwa mtu wa kukasirika ovyo. Mwenye hasira za ovyo haufai ukuta wa mashindano ya kupanda. Ataanguka hata kabla hajaanza. Lakini walichomfanyia Nairobi kingempandisha mori hata mtu aliyelala.

Kupanda alikuanza utotoni, kwenye soko la mifugo, akiparamia vyuma vya malori ya ng'ombe wakati baba yake akibishana bei. Watu walisema msichana huyu atakosa mume. Naoko, Mjapani aliyekuja na mradi wa visima, aliona kingine. Ujana wake wote Naoko aliumaliza kwenye kuta za mashindano kwao Japani, ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kumlisha, na alipomwona Weris juu ya lori alisimamisha gari. Akaomba ukuta wa nyuma wa ghala moja, akaupigilia vishikio vya plastiki, akamfundisha kuusoma ukuta kwa macho kabla ya kuugusa.

Naoko akarudi kwao, Weris akaendelea. Alianza kushindana Nairobi, kwanza akirudi mikono mitupu, kisha akawa wa tatu, kisha wa pili. Mwaka huu mshindi wa fainali angepelekwa Japani kupambana na ulimwengu, na hakuna aliyebisha kwamba nafasi ilikuwa yake.

Basi harusi ya dada yake, Sahra, ikaangukia juma lile lile la fainali. Weris alitaka kukwepa hina, ngozi ya vidole aiache ilivyo. Habaryar Fatumo, mdogo wa mama yake, hakutaka hata kusikia. Dada wa bibi harusi mikono isiyo na hina? Watu watasema ana kijicho, au ana msiba. Akamkalisha, akampaka ncha zote za vidole zikakolea weusi. Hina ikishakauka na kubanduliwa hubaki rangi tu, hainati wala haitelezi. Hilo kila mwanamke wa Garissa analijua.

Mwamuzi mkuu wa fainali kule Nairobi hakulijua, na hakuona haja ya kuuliza. Alimshika Weris mkono mbele ya umati, bila hodi, mwanamume asiye hata ndugu yake, akavigeuza vidole kama anayekagua meno ya mbuzi.

"Hii ni gundi gani mnajipaka huko kwenu?"

Weris akaeleza kwamba ni hina, ya harusi. Akatumwa kuosha. Akasugua kwa sabuni hadi ngozi ikachubuka, na rangi haikutoka, ingetokaje? Mwamuzi akaamuru ncha zifungwe plasta. Pembeni alisimama mshindani mwenye kucha zilizopakwa rangi nyekundu, na huyo hakuguswa. Weris akauliza, na hizo je? Akaambiwa apande au aende nyumbani.

Mpandaji ukimfunga ncha za vidole umemfumba macho. Alipanda hivyo hivyo, roho ikimwaka, akawapita wote waliomtangulia, mpaka kishikio chembamba cha mwisho. Hapo plasta ikateleza. Akabaki ananing'inia kwenye kamba, anapigiwa makofi ya huruma, na aliyachukia makofi yale kuliko kuzomewa. Yule mwenye kucha nyekundu akapanda baada yake, akafika juu, akapewa nafasi ya Japani.

Nyumbani Fatumo alimpokea kwa kilio. Alijilaumu, akasema amemharibia mtoto kwa mkono wake mwenyewe, akaapa hatampaka tena hina mpaka aachane na huo ukuta. Hasira aliyoibana Weris tangu Nairobi ikampanda upya. Mwamuzi mjinga amekosea, na anayeomba radhi ni huyu, kana kwamba harusi ya Sahra ilikuwa uchafu.

"Usiniombe radhi kwa hina, habaryar," alisema. "Mwaka ujao, kabla sijaondoka, nipake mpaka kwenye viwiko. Sifungwi tena kitu."

Fatumo akamshika mikono ili ambusu, ndipo akaziona ncha za vidole, mbichi, zimesuguliwa mpaka damu. Kilio kikamkatika, na yeye naye akakasirika.