Mifuko Ishirini Niliyojazia kwa Kina Rebeka

Hii habari nimewaficha watoto wangu miaka nenda miaka rudi, na kama si nyinyi kunichokoza leo na hii chai yenu ningeenda nayo kaburini, maana sijui mtu mwingine aliyewahi kuaibishwa na mchanga. Ndiyo, mchanga! Ngojeni niwaambie.

Ilikuwa miaka ya hamsini, huko juu ya Njoro ukielekea Mau, nami nilikuwa kijana wa kuchana nywele mara tatu kwa siku, nikimfanyia kazi mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Mawe (jina lake la kweli lilikuwa linavunja ulimi). Alikuwa amepanga vigingi ishirini kutoka mtoni mpaka juu kabisa ya mlima, na pale kwenye kila kigingi nichimbe mchanga kidogo, nitie kwenye mfuko wa kitambaa, niandike namba. Yeye anaupika na dawa zake ndani ya chupa, juu ya chupa anaweka kipande cha karatasi, basi karatasi ikibaki nyeupe hakuna kitu, ikigeuka manjano kuna arseniki, sumu fulani ambayo alisema mara nyingi hulala pamoja na dhahabu ndani ya mawe.

Sasa, njia ya kwenda mlimani ilipita nyumbani kwa Mzee Elijah, mzee wa kanisa na msimamizi wa josho la ng'ombe la shamba la wazungu tulilokaa. Mzee alikuwa na binti, Rebeka, na Jumamosi ya wiki iliyofuata wazee wetu walikuwa wanakwenda kuniposea. Jumanne napita pale, namwona anaanika nguo, ananiambia, "Yohana, jua ni kali, hutakunywa hata chai?" Nikasema nitakunywa kikombe kimoja tu. (Kikombe kimoja! Nilikunywa birika.) Kushtuka, jua linazama, mlima uko palepale na mifuko yangu yote ni mitupu. Nikajiambia, mchanga si ni mchanga? Nikaingia kwenye boma la josho palepale nyuma ya nyumba yao, nikachota hapa, nikachota pale, nikaruka hatua mbili tatu ili isifanane, nikaandika namba moja mpaka ishirini kwa mwandiko mzuri sana, nikaenda zangu nikipiga mluzi.

Kesho yake Bwana Mawe akatoka kwenye hema akipiga kelele. Karatasi zote manjano! Si manjano kidogo, manjano ya kiini cha yai. Akanishika mkono, akanipa sigara yake mwenyewe, akasema, "Yohana, wewe sasa nyapara!" Hapo ndipo ningesema ukweli, lakini nyinyi mngesema? Mimi nilivuta sigara. Kufika Jumapili shamba zima linajua, kanisani wameshukuru, na Mzee Elijah anatembea kifua mbele akiwaambia watu kwamba kijana aliyegundua dhahabu ndiye anayekuja kwake Jumamosi.

Ijumaa wakaja wakubwa kutoka Nairobi, magari matatu, na watu wote wakapanda mlimani kutazama, wamama na birika za chai, wazee na viti vyao. Wakachimba kwenye kigingi cha kwanza, karatasi nyeupe. Cha tano, nyeupe. Cha kumi, nyeupe kama meno. Mimi kwa jasho lililonitoka mngedhani anayechimba ni mimi. Bwana Mawe akaleta ile mifuko yangu, akaifungua mbele ya watu, ikapita mkono kwa mkono, mpaka namba saba ikafika kwa Mzee Elijah. Akanusa. Akafumba macho, akanusa tena.

"Hii mchanga naijua," akasema. "Hii ni ya kwangu."

"Ya kwako namna gani?" akauliza karani mmoja wa hao wa Nairobi.

"Ni hapo ng'ombe wakitoka josho wanajikung'utia. Miaka kumi nanusa hii dawa, nitaisahau?"

Bwana Mawe akajipiga kofi la paji la uso. "Josho! Dawa ya kupe iko na arseniki!" Wakubwa wa Nairobi wakaanza kutazama viatu vyao.

Basi hiyo aibu ya mlima ningeivumilia. Lakini Mzee Elijah alikuwa bado ananitazama, na nikaona anahesabu na vidole.

"Yohana, ulichimba hii siku gani?"

"Jumanne, baba."

"Jumanne mimi nilikuwa Nakuru. Na mama alikuwa kwa mkutano ya kanisa." Akakunja kidole cha mwisho. "Sasa kwangu ulikuwa unachimba na nani?"

Weee! Mpishi wa Bwana akacheka, mmoja akadaka, watu wakaangua kicheko, na Rebeka akajifunika uso na leso akateremka mlima mbio akaacha birika. Mimi nikawa sina hata leso.

Jumamosi wazee wetu walikwenda hivyohivyo. Wakapewa chai, wakaambiwa kwamba kabla ya kutaja ng'ombe hata mmoja, kijana alete mifuko ishirini. Ya kweli. Jumatatu nikapanda, kigingi kwa kigingi, na Mzee Elijah nyuma yangu na fimbo yake, anahesabu tu. Kwenye cha ishirini akakaa juu ya jiwe.

"Hiyo Jumanne mlikunywa nini?"

"Chai, baba."

"Chai peke yake?"

"Na viazi, baba."

Akanitazama mpaka nikatamani kuingia kwenye shimo nililochimba. "Haya, funga mfuko," akasema. "Waambie wazee wenu warudi."

Karatasi zote ishirini zilibaki nyeupe, na unyapara wangu ukaishia hapo. Tangu siku hiyo nikitumwa mahali nafika, hata iwe kuvuka barabara tu, wala sipitii kwa mtu. Na hata hivyo, mpaka leo nikichelewa kurudi kutoka mjini, Rebeka hapigi kelele wala haulizi swali. Anainama pale mlangoni, anachukua kiatu changu kimoja, ananusa.